Mbwa Haji Ukimwita? Anzia Hapa

Swali ni lilelile, anabadilika muulizaji tu. Jamaa wa Ligula, hapa Mtwara, ananisimamisha sokoni: "Kaka, mbwa wangu nikimfungua hasikii la mtu, nimpige?" Mama mmoja mwenye mikorosho yake upande wa Naliendele: "Mwanangu, huyu mnyama nikimwita ananitazama kama mimi ndiye mgeni." Juzi kijana wa bodaboda kaniuliza hivyohivyo, abiria kakaa nyuma anasubiri. Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama juani, kwa hiyo nimeandika.

Jibu la swali la kwanza: usimpige. Mbwa wengi wasiokuja wakiitwa si wakaidi. Wamefundishwa kutokuja, na aliyewafundisha ni mwenye mbwa. Hebu kumbuka jana ulimwita wako mara ngapi, na kila alipokuja alikuta nini. Alifungwa mnyororo. Alimwagiwa maji na sabuni. Alipigwa kofi la sikio kwa ajili ya kuku wa jirani. Alitolewa kwenye harufu tamu aliyokuwa anaifuata. Ungekuwa wewe ungekuja?

Kazi yote iliyoandikwa hapa chini ni kuibadilisha hesabu hiyo kichwani mwake, ili kuja kwako kumlipe kuliko kubaki alipo.

Na huku kwetu tuna sababu mbili za kulivalia njuga jambo hili ambazo mwenye mbwa wa Arusha hana. Ya kwanza ni bunju. Wavuvi wakitoa samaki kwenye nyavu, bunju wanamtupa mchangani, maana sumu yake haina dawa na kupikwa hakuiondoi. Mbwa hayajui hayo. Mbwa wangu wa kwanza, Popi, alimwokota mmoja pwani ya Mikindani maji yakiwa yamekupwa. Nilimwita mara sita. Alisimama kama hatua ishirini kutoka kwangu, samaki kamvimbia mdomoni kama puto, akanitazama, mkia ukatikisika mara mbili. Kisha akageuka akakimbia naye, kwa sababu alijua nikimfikia namnyang'anya. Jua halijazama miguu ya nyuma ilikuwa imeshalegea. Asubuhi nilimzika.

Sababu ya pili ni majirani. Wengi wetu ukanda huu ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee katawadha, kavaa kanzu, anaelekea msikitini, mbwa wako anamrukia kwa furaha. Furaha hiyo unaiona wewe peke yako. Bibi wa nyumba ya pili kwangu aliniambia siku moja, nimemwamkia shikamoo hata hajaitikia: "Mjukuu wangu, mimi na mbwa wako hatuna ugomvi. Mwite tu kabla hajanifikia." Nilikuwa siwezi. Leo naweza, na marahaba yangu naipata.

Andaa hivi kabla hujaanza

Mkanda wa shingo wa ngozi au kitambaa kigumu, mpana, usiwe waya wala kamba ya katani. Vidole vyako viwili vipite chini yake bila kubana. Fundi viatu atakukatia mzuri kutoka kwenye mkanda wa zamani wa suruali na kuutia pete. Akiweza kukushonea wa kuzunguka kifua, bora zaidi, nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya 5.

Kamba nyepesi ya mita 10. Ile ya manila wanayouza kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi inafaa, unene usizidi kidole chako kidogo. Mwisho wake usiwe na fundo wala kitanzi, maana ikiburuzika itanasa kwenye mizizi.

Malipo. Hapa ndipo watu wanapofanya ubahili, halafu wananilaumu mimi. Ugali anaoupata bure kila jioni hautamtoa kwenye mbuzi. Tafuta kitu ambacho hakipati siku za kawaida: mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwakatwa, ini, au dagaa wakavu. Dagaa wenye chumvi nyingi loweka kwanza, umwage maji. Kipande kiwe kidogo kama punje ya hindi, kwa sababu utatoa vingi. Usimpe mchuzi wenye vitunguu, ni sumu kwa mbwa, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka vipande vikali vya kuchoma utumbo.

Mfuko wa kufunga kiunoni, ili mkono ufike haraka. Mfuko wa rambo haufai. Ukichakarisha tu, mbwa anakuja kwa ajili ya mchakarisho, haji kwa ajili ya neno.

Filimbi ya plastiki, kama ya refa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yako. Mbwa asiyechanjwa usimpeleke mazoezini kwenye mbwa wengine.

Na muda: dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala. Usifanye nusu saa mfululizo, atachoka na wewe utakasirika. Fanya kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Mchana mchanga wa huku unaunguza. Weka mgongo wa kiganja chako chini uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi.

Hatua zenyewe

1. Chagua neno jipya, halafu lilipie.

"Njoo" limeshachakaa. Kutwa nzima mbwa anasikia njoo ule, njoo ukae, njoo hapa we mtoto, na halimhusu hata moja. Limekuwa kelele ya nyumbani kama redio. Jina lake nalo si wito. Jina linamwambia "sikiliza", halimwambii afanye nini. Na kwa wale waliozoea kuwatuma mbwa kwa "Shika!", chondechonde, usichague neno lenye mlio wa kukaribiana na hilo.

Mimi natumia "Chapu!" Ni fupi, linapasuka mdomoni, na hakuna anayelisema kwangu ila kwa mbwa. Wewe chagua lako, mradi nyumba nzima itumie hilohilo.

Sasa kaa naye uani, pasiwe na kuku wala watoto. Sema neno mara moja kwa sauti ya furaha, na papo hapo mtie kipande mdomoni. Usimdai chochote. Hata kama yuko miguuni pako, sema, mpe. Rudia mara kumi hadi kumi na tano, kisha acha. Fanya hivyo siku mbili au tatu. Utajua limeingia siku atakapokuwa anatazama kwingine, ukalisema, shingo ikageuka kabla hujagusa mfuko.

Neno litangulie, mkono ufuate. Wengi wanasema neno huku mkono tayari uko mfukoni, na mbwa anajifunza mkono.

2. Mwite akiwa karibu, wewe ukirudi nyuma.

Umbali wa hatua tatu au nne, uani bado. Sema neno mara moja, kisha rudi nyuma hatua chache au chuchumaa ukiwa umempa ubavu. Mbwa hufuata kinachoondoka. Ukimwendea umesimama wima, mkono umenyoosha, kwa lugha yake unamtishia, atasimama. Akifika, mpe vipande vitatu kimojakimoja huku ukimsifu. Usivirushe. Mpe karibu kabisa na goti lako, ili ajue malipo yanapatikana hapo tu.

Neno ni mara moja. Ukisema "chapu, chapu, chapu, we chapu!" unamfundisha kwamba la nne ndilo la kweli. Asipokuja, usirudie. Piga makofi, chuchumaa, kimbia upande wa pili, fanya kituko chochote kimvute. Akija mlipe, na zoezi linalofuata punguza umbali, maana ulikuwa umemruka hatua.

3. Shika mkanda kwanza, lipa baadaye.

Hatua hii watu huiruka, halafu wanapata yule mbwa maarufu anayekuja hadi mita mbili, anadaka kipande na kutoroka. Kila akifika, mkono wa kushoto ushike mkanda taratibu kwa chini ya kidevu, usitokee juu ya kichwa, ndipo wa kulia utoe kipande. Shika, lipa, achia. Mara ishirini, siku kadhaa. Baada ya hapo mkono unaokuja shingoni utakuwa habari njema kwake.

Mbwa wangu wa sasa, Tomi, nilimpata mkubwa kutoka kwa mtu aliyekuwa akimburuza kwa mkanda. Siku ya kwanza mkono ulipokaribia aliinua mguu mmoja wa mbele, akaubana hewani, masikio yamelala nyuma. Sikuushika mkanda siku hiyo. Niligusa bega tu, nikampa ini. Ilichukua siku tisa kufika shingoni, na sikuona haja ya kuharakisha.

4. Mwite kwa zamu na mtu wa pili.

Mtu mmoja huku na mwingine kule, hatua kumi kati yenu, kila mmoja na mfuko wake. Mnamwita kwa zamu. Watoto hulipenda zoezi hili, na lina faida ya pembeni: mtoto anayemwita mbwa na kumpa dagaa hamrushii mawe. Msiite wote kwa pamoja, na anayekwisha kulipa anyamaze, asimbembeleze tena.

5. Toka nje na kamba ndefu.

Kiwanja cha shule siku ya Jumapili kinafaa. Pwani nako kunafaa maji yakikupwa, hasa siku za bamvua mchanga unapokuwa mpana na mtupu, ila epuka saa ambazo akina mama wanachokonoa pweza na kuokota chaza. Zunguka kwanza peke yako uone kama kuna bunju waliotupwa.

Funga kamba kwenye mkanda. Kamba ipo ili mbwa asiweze kujilipa mwenyewe kwa kutoroka. Haipo kwa ajili ya kumvuta kama ngalawa. Mwache anuse, azunguke. Akiinua kichwa, mwite. Akija, shika, lipa vizuri, halafu mwambie "haya, nenda" umwachie tena.

Hilo la kumwachia lina uzito kuliko ini. Katika kila mara kumi unazomwita, nane au tisa ziishie kwa kumrudishia uhuru. Mbwa anayeitwa mara moja tu, nayo ni ya kufungwa na kupelekwa nyumbani, ndani ya wiki ameshaijua hiyo mara moja.

Asipokuja, kanyaga kamba ili asiende mbali, subiri ageuke, kisha wewe rudi nyuma ukimshangilia.

Hatari zenyewe ni hizi. Usiizungushe kamba mkononi wala usiivae kama bangili. Mbwa wa kilo ishirini akikurupuka kumfukuza kima, ngozi ya kiganja inaondoka, na alama ninayo. Usimfunge kwenye baiskeli wala pikipiki. Na kama kamba iko shingoni, usimwache aimalize kwa kasi mita zote 10, shingo inaumia. Ndiyo maana nilisema wa kifuani ni bora.

6. Ongeza vishawishi, kimoja baada ya kingine.

Mbwa hajui kwamba "Chapu!" ya uani ndiyo "Chapu!" ya shambani. Kila mahali papya anaanza karibu upya, kwa hiyo unapohamia sehemu ngumu, punguza umbali. Usiongeze umbali na kishawishi siku moja.

Ngazi yangu kwa Tomi ilikuwa hivi: kiwanja kitupu; kiwanja chenye mbuzi aliyefungwa mbali; watoto wanaocheza mpira upande wa pili; kuku wa jirani nikiwa nje ya ua; na mwisho kabisa pwani mashua zinapoingia, samaki wanapigwa mnada na kila harufu ya duniani iko pale. Ngazi ya kuku ilinichukua muda kuliko zote zikijumlishwa. Kila mbwa ana yake, na yako utaijua kwa kumtazama anapokaza mwili.

Sheria ya kupanda ngazi ni rahisi. Mwite mara kumi katika siku mbili. Akija nane au zaidi bila kamba kukazwa, panda. Chini ya hapo, baki ulipo. Akija chini ya tano, shuka.

Malipo nayo yapande. Kiwanja kitupu, dagaa mmoja. Kumwacha mbuzi aliyekuwa anamkazia macho, mpe konzi nzima ya mapafu, umsifu mpaka wapita njia wakushangae.

Kwa wenye mikorosho: siku za kupuliza salfa msifanye mazoezi shambani, vumbi lile linachoma macho ya mbwa kama yetu. Korosho zikianza kuanguka, mfundishe pia kuacha anachookota, maana ganda bichi lina mafuta ya kubabua na mbwa hulitafuna akitafuta mbegu ndani. Msimu wa kuokota shamba linajaa watu, mabibo na nzi. Hicho ni kishawishi cha ngazi ya juu, msianzie hapo.

7. Weka filimbi kwa siku mbaya.

Upepo wa kusi ukivuma pwani, unaita na sauti inarudi mdomoni mwako. Filimbi inapenya. Na haina hasira: sauti yako ikiogopa au ikikasirika mbwa anasikia, filimbi ni ileile.

Ifundishe kama ulivyofundisha neno, kuanzia hatua ya 1, lakini malipo yake yawe makubwa daima: vipande vitano hadi kumi vya kitu anachokipenda kuliko vyote. Usiitumie kwa mambo madogo. Mimi naipuliza mara moja au mbili kwa wiki katika mazoezi, na nyakati nyingine ni kwa hatari peke yake: gari, nyoka, bunju, mbwa mgeni anayetembea kwa kuyumba. Wakataze watoto kuichezea. Ukimsikia jirani ana mtoto mwenye filimbi hiyohiyo, badilisha mpangilio, piga milio mitatu mifupi.

8. Ondoa kamba polepole.

Kwanza acha kuishika, iburuzike. Akija vizuri wiki mbili katika sehemu ngumu, kata mita mbili. Wiki nyingine, mbili tena. Mbwa anazoea uzito ukipungua, hatambui siku ulipoisha. Kosa la kawaida ni kuifungua yote siku moja kwa sababu "jana alikuja mara zote". Jana hakukuwa na mbuzi.

Kamba inayoburuzika usimwache nayo peke yake, wala usiku. Itanasa kwenye kisiki.

9. Endelea kulipa.

Akishajua, huna haja ya kulipa nyama kila mara. Changanya: leo kipande, kesho sifa na kukunwa kifua, keshokutwa kumrushia kifuu achezee, halafu ghafla konzi nzima. Ila usikate kabisa. Mtu wa bandarini asipolipwa, haji kazini. Mbwa ni hivyohivyo.

Makosa yanayobomoa kazi ya mwezi kwa dakika moja

Kumwita ili umwadhibu. Alikula yai, alichana ndala, amekwenda saa nzima na wewe umepandwa na hasira: akirudi, mpokee vizuri. Ukimpiga, kichwani mwake hapigwi kwa ajili ya yai, anapigwa kwa kurudi. Nililifanya hili na Tomi mara moja tu, aliporudi kutoka kufukuza mbuzi wa watu. Kesho yake nilipoita alikuja, akasimama mita tatu, akakaa chini. Hakusogea. Nilirudi hatua ya 1 kwa neno jipya, na hiyo "Chapu!" ninayoisifia hapa ndiyo la pili, la kwanza nililiua mwenyewe.

Kumwita wakati unajua hatakuja. Mbwa ameshakaza mbio nyuma ya kima, kuita ni kupoteza neno. Nyamaza, mfuate ukiwa umetulia, au puliza filimbi kama umeshaifundisha.

Kumkimbiza. Kwake huo ni mchezo, na ana miguu minne. Kimbia upande wa pili.

Kumwita kwa mambo asiyoyapenda, kama kuogeshwa au kutolewa kupe. Hayo mfuate alipo, umshike kimyakimya. Neno libaki safi.

Ukikwama

*Anakuja nusu njia, anasimama.* Mara nyingi ni mwili wako. Umesimama wima unamkodolea macho. Geuka ubavu, chuchumaa, tazama chini. Kama bado, kuna siku alifika akaumizwa. Punguza umbali na rudia hatua ya 3.

*Nyumbani anakuja, shambani kiziwi.* Umeruka ngazi. Au malipo ya shambani ni yaleyale ya nyumbani.

*Anakuja akiniona na mfuko tu.* Vaa mfuko kutwa nzima bila kumwita. Siku nyingine mwite huna mfuko, kisha kimbieni wote jikoni mkachukue malipo. Atajifunza kwamba hata mfuko usipoonekana, deni litalipwa.

*Jike langu limebadilika ghafla, halisikii.* Angalia kama yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Hukaa humo kama wiki tatu, mara nyingi mara mbili kwa mwaka. Muda huo mfunge ndani ya ua au tumia kamba, usimjaribu. Dume lililonusa jike la jirani ni hivyohivyo.

*Neno limeshaharibika, nimelipiga kelele mwaka mzima.* Liache lilale. Chukua jingine na anza hatua ya 1 kama vile mbwa amefika leo. Kwa kawaida anashika haraka kuliko ulivyodhani, hata awe mzee.

*Hageuki hata kwa filimbi akiwa amelala.* Gonga sufuria nyuma yake asipokuona. Asipostuka huenda hasikii. Mbwa kiziwi hufundishwa kwa ishara: inua mkono juu, lipa. Usiku mulika tochi mara mbili kuelekea chini. Hatua ni zilezile, ila usimfungue mahali pasipo na ua.

*Ni mbwa wa ulinzi, nikimzoesha kuja kwa chakula si atamwendea mwizi?* Swali zuri. Anajifunza neno lako na mkono wako. Mwizi hana vyote viwili. Ukitaka uhakika, wakataze wageni kumlisha, na nyama itupwayo juu ya ua usiku ni suala jingine kabisa la kumfundisha kutokula cha chini. Kwa mlinzi, kurudi akiitwa ni muhimu zaidi, kwa sababu unayemwita amwache anaweza kuwa mjomba wako aliyefika usiku na basi.

*Alikuwa anakuja vizuri, ghafla hanitambui, anang'ata hewa, udenda unamtoka, anayumba.* Hilo si la mazoezi. Usimwite wala usimshike. Waondoe watoto, mfungie mahali asipoweza kutoka kama unaweza bila kumgusa, mpigie afisa mifugo. Kama amemng'ata au kumkwaruza mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Msisubiri muone mbwa atakuwaje.

*Itachukua muda gani?* Mtoto wa mbwa anayefanya kila siku, uani ni wiki mbili, kiwanjani mwezi mmoja au miwili. Mkubwa aliyezoea kuzurura, hesabu miezi mitatu hadi sita kabla ya kumfungua sehemu yenye mbuzi. Tomi alinichukua mitano. Kwa kuku bado simwamini, na mashua zikiingia kile kipande cha mwisho cha kamba, mita mbili, huwa kinaburuzika nyuma yake.